Namna ya kuandika kanuni ya chambo isiyovuja

Wanafunzi wa sheria wanaokuja ofisini kwangu hapa Posta kujifunza kuandika kanuni huwa nawaanzishia zoezi hili: wadhibiti wawindaji wa Marekani wanaomwaga mahindi porini ili kuwavuta kulungu. Huguna. "Mwalimu, si bora chui wetu, anayetundikiwa nyama mtini na wawindaji wa kitalii?" Chui atafuata. Kwa kulungu wenzetu wamejaribu kila njia, na makosa yao yanaonekana. (Nasema kulungu mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka, si huyu wa misitu ya Pwani.)

Hatua ya 1: Taja madhara. Kabla ya kifungu chochote, eleza unazuia nini. Kuna ugonjwa wa ubongo unaomkondesha kulungu hadi afe. Chanzo chake ni prioni, protini iliyoharibika umbo, inayotoka kwa mate, mkojo na kinyesi na kubaki udongoni kwa miaka. Rundo moja la mahindi hukutanisha midomo mingi. Jimbo la Michigan nako kifua kikuu cha ng'ombe kilionekana kwa kulungu mwaka 1994, kisha kikafika kwenye mifugo. Tena wakati wa baridi tumbo la kulungu limezoea vijiti. Mahindi mengi ya ghafla hulijaza asidi, na mnyama hufa ameshiba.

Hatua ya 2: Tafsiri, yaani kifungu kinachosema neno "chambo" lina maana gani. Hapa kaa, usiwe na haraka. Ukiandika "mahindi", mwindaji ataleta tufaha au jiwe la chumvi. Ukiandika "chakula chochote", umemshtaki mkulima aliyedondosha punje akivuna, na bibi anayewawekea ndege mbegu dirishani. Kwa hiyo tafsiri iwe pana, halafu uwatoe hao kwa majina: kilimo cha kawaida, chakula cha ndege kisichofikiwa na kulungu. Usisahau neno "kulisha". Ukizuia chambo cha kuwindia peke yake, mtuhumiwa atakuambia anawahurumia wanyama tu, na utamthibitishiaje nia?

Hatua ya 3: Chagua kipimo au marufuku. Jimbo la Wisconsin, sehemu ambazo chambo bado kinaruhusiwa, kikomo ni galoni 2, kama lita 7.5. Hiyo haifiki nusu debe. Sasa askari wanyamapori anafika jioni, anakuta punje zimetawanyika. Asubuhi zilikuwa ngapi? Hakimu atauliza hivyo hivyo. Mimi napendelea marufuku kamili, kama waliyoweka Michigan kwenye Rasi ya Chini, yaani upande wa kusini wa jimbo lao, mwaka 2019, ingawa wawindaji waliipigia kelele.

Hatua ya 4: Muda. Wisconsin marufuku hudumu miaka 3 kwenye kaunti ambako ule ugonjwa wa prioni umepatikana, miaka 2 kwa kaunti jirani iliyo ndani ya maili 10, na ugonjwa ukionekana tena hesabu inaanza upya. Andika tarehe inaanza kuhesabiwa lini.

Hatua ya 5: Mpe mjanja aisome. Si wakili mwenzako. Mtafute mtu anayependa kukwepa. Mwaka jana nilimpa kijana anayepakia magunia sokoni Tandale. Akasoma, akacheka: "Mahindi kamwaga jirani, mimi nimekaa juu ya mti wangu na bunduki. Kosa langu liko wapi?" Tukarudi kwenye kifungu cha kosa, tukaongeza: "kuwinda penye chambo, awe amekiweka nani".