Mtoto anavuta maneno? Jinsi ya kumsaidia apate mwendo wake wa kuongea

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako wa miaka mitatu leo anaongea mbio kesho anavuta neno moja mpaka unachoka kusubiri, punguza presha kwanza. Kuongea ni kazi ya taimingi. Pumzi, taya, midomo, ulimi na sauti vyote vinatakiwa vifike kwa zamu yake, we fikiria tu "papa" na "baba", kwenye p midomo inaachana kwanza ndo sauti inafuata, kwenye b sauti inatangulia, na hapo tunaongelea sehemu ndogo mno ya sekunde. Taya ndo linatulia mapema, ndo maana kwenye miezi 6 hadi 10 unasikia bababa na mamama, midomo na ulimi vinachelewa.

Anza kwa kusikiliza. Mrekodi kwenye simu mkiwa mnacheza, aseme "mpira wangu uko wapi" mara kadhaa, halafu sikiliza taratibu. Utakuta kila mara urefu wa maneno ni tofauti, na hiyo ni kawaida kabisa, huwa inapungua mwaka hadi mwaka mpaka anapokaribia miaka 12 hivi ndo anakaribia mtu mzima. Kwa hiyo usihesabu spidi, rudia kurekodi baada ya miezi kadhaa uone kama anazidi kuwa sawasawa.

Pili, usimwambie "ongea polepole", wewe ndo upunguze mwendo. Akimaliza, hesabu moja mbili kimoyomoyo ndo ujibu, na usimmalizie sentensi hata kama unajua anachotaka kusema (hili naona ndo kubwa kuliko yote).

Tatu, mchezo. Pigeni makofi mkisema pa-ta-ka pa-ta-ka, usiongeze mwendo mpaka zote tatu zitoke safi. Maneno marefu mvute pamoja ile silabi ya pili kutoka mwisho, nyu-mbaaa-ni, hapo anajifunza ipi ndefu ipi fupi.

Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5 na watoto wengi kinawaisha, ila ukiona anakaza uso, pumzi inakwama, au kwenye ukoo kuna mwenye kigugumizi, muone mtaalamu wa matamshi mapema. Na kama amefika miezi 10 hajaanza hata bababa, kampime masikio.