Namna ya Kukaa katika Vijiji Tulivu vya Pwani ya Magharibi ya Ireland

Wageni wengi wanaokwenda magharibi ya Ireland hutaka kuimaliza Wild Atlantic Way, ile njia ya watalii iliyozinduliwa mwaka 2014, ambayo huandama pwani kwa takribani kilometa 2,500 kutoka rasi ya Inishowen huko Donegal hadi Kinsale katika kaunti ya Cork. Kila usiku hulala mahali papya, kila asubuhi hufunga mizigo, na siku nzima huitazama bahari kupitia kioo cha gari. Mwongozo huu unashauri kinyume chake: chagua kijiji kimoja, au viwili kama una wiki nzima, ukae siku tatu au nne katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na wenye nyumba wenyewe, na utembee kwa miguu kuanzia mlangoni.

Uchaguzi wa kijiji ndio kazi kubwa. Doolin, katika kaunti ya Clare, kuna muziki mzuri na boti za kwenda visiwa vya Aran, lakini Julai na Agosti mabasi ya watalii huwa mengi mno hata mtu asithubutu kukiita kijiji tulivu. Afadhali Roundstone, huko Connemara katika kaunti ya Galway, bandari ndogo iliyoanzishwa miaka ya 1820 na mhandisi Mskoti Alexander Nimmo, ambako wavuvi bado hushusha kaa na kamba gatini, na mwendo wa kilometa chache tu unakufikisha kwenye fukwe za Gurteen na Dog's Bay, zilizopeana mgongo juu ya shingo nyembamba ya mchanga. Anayetaka upweke zaidi aende Allihies, mwisho wa rasi ya Beara katika kaunti ya Cork, palipokuwa na migodi ya shaba katika karne ya 19. Au Glencolumbkille huko Donegal, ambako Kiayalandi bado kinazungumzwa na vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha hiyo. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipendelea. Juni jua huchwa karibu saa nne usiku, jambo linaloongeza muda wa matembezi, ilhali kuanzia Novemba nyumba nyingi za wageni hufungwa hadi majira ya kuchipua.

Kabla ya kulipia chochote, maliza suala la viza. Ireland haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ya Schengen haikuingizi huko, na wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na nchi jirani huhitaji viza ya Ireland yenyewe. Tena viza hiyo haikupi haki ya kuingia Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ingawa mpakani hakuna askari wala kizuizi. Hili si jambo la nadharia: mabasi ya moja kwa moja kutoka Dublin kwenda Donegal hukatiza ndani ya Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo asiye na viza ya Uingereza apitie Sligo.

Treni kutoka Dublin huishia miji kama Galway, Westport, Sligo na Tralee. Mbele ya hapo kuna mabasi ya Bus Éireann na mabasi madogo ya Local Link, ambayo katika baadhi ya vijiji hupita mara chache tu kwa siku, hivyo ratiba isomwe kabla ya kuweka nafasi ya chumba. Anayekodi gari ataendesha upande wa kushoto kama nyumbani, lakini aombe mapema gari la gia za otomatiki iwapo hajazoea gia za mkono, kwa sababu ni ghali zaidi na huisha upesi. Barabara za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na kuta za mawe. Mkikutana na gari jingine, aliye karibu na sehemu pana ndiye arudi nyuma. Dereva mwenzako akiinua kidole kimoja juu ya usukani anakusalimu, nawe ni adabu uitikie vivyo hivyo.

Nyumba yenyewe kwa kawaida ni makazi ya familia yenye vyumba vichache vya wageni. Ni vyema kupiga simu au kuandika barua pepe moja kwa moja, kutaja saa utakayofika, na kuomba Eircode, yaani msimbo wa herufi na tarakimu saba ulioanza kutumika mwaka 2015, ambapo kila nyumba ina wake. Huko mashambani nyumba nyingi hazina namba wala jina la mtaa, na bila msimbo huo utazunguka gizani. Usifike usiku wa manane kana kwamba ni hoteli. Mwenyeji anakusubiri sebuleni, na chai atakayokukaribisha nayo ndiyo nafasi yako bora ya kuuliza njia ipi ina matope na baa ipi ina muziki leo. Bafuni, maji ya moto yakikataa kutoka, tafuta kamba inayoning'inia darini na uivute, kwani ndiyo swichi. Soketi za umeme ni zile zile za pini tatu za Afrika Mashariki.

Kifungua kinywa kimo katika bei, nacho ni kizito: mayai, nyanya, mkate wa magadi, soseji, vipande vya nyama ya nguruwe, na kipande cheusi cha mviringo, aina ya soseji inayotengenezwa kwa damu ya nguruwe. Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, aseme tangu anapoweka nafasi na akumbushe jioni ya kuamkia, aombe pia mayai yakaangwe kwenye kikaango safi. Hakuna atakayechukia. Uji wa shayiri hupatikana karibu kila mahali, na samaki wa kufukiza mara nyingi. Chakula cha jioni si kawaida kutolewa. Utakula baa, ambako si lazima unywe pombe, lakini jikoni hufungwa mapema, mara nyingi saa tatu usiku au kabla.

Katika matembezi, kumbuka kwamba ardhi nyingi ni mali ya wakulima na hakuna haki ya jumla ya kukatiza mashamba. Fuata njia zilizowekewa alama, funga kila lango ulilofungua, na usiingie na mbwa penye kondoo. Aliyekulia Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa habari za bamvua, ila atambue kuwa hapa pia maji hupanda na kushuka zaidi ya meta nne, na kwamba kisiwa cha Omey, huko Connemara, hufikika kwa miguu wakati wa maji kupwa tu, kwa kufuata nguzo zilizosimikwa mchangani. Muulize mwenyeji saa za maji, soma tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, na panapotokea hatari baharini au gengeni piga 112 uombe walinzi wa pwani. Boti za visiwani huahirishwa bahari ikichafuka, kwa hiyo safari ya kisiwani iwekwe mwanzoni mwa ukaaji wako, kamwe isiwe siku ya kuamkia ndege.