Kabla ya kuwinda swala kwa kamera mwezi wa Juni

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo swala wa Mbuga ya Nairobi hufuatwa kwa kamera. Juni, masika yakiisha, kazi huwa ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Nyasi bado ndefu, maji yangali mabondeni, na wanyama wametawanyika katika kilomita 117 za mraba. Anza penye nyasi fupi, ndiko waliko swala tomi na swala granti. Swala pala hukaa kandokando ya vichaka. Kuro hakai mbali na maji; utamjua kwa weupe wa matakoni. Kongoni dume mtafute juu ya kichuguu, anapenda kusimama hapo akilinda eneo lake.

Lipia kiingilio kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku moja kabla, na ufike langoni saa kumi na mbili asubuhi. Jua huchomoza kama nusu saa baadaye.

Gari ndilo huharibu safari nyingi. Udongo mweusi wa mbuga hukauka juu ukapasuka, kumbe chini bado ni tope linalonata. Ukikwama, usikanyage mafuta. Magurudumu yatajichimbia zaidi. Kagua upepo wa tairi ya akiba, ubebe na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama badala ya kuinua gari. Hifadhi nambari ya walinzi kwenye simu mapema, kwani kuna simba, na kushuka ovyo ni hatari.

Shona mfuko wa kitambaa kigumu wa kuegemeza kamera, utie kilo mbili za maharage makavu, lakini usiujaze hadi ukaze: ubaki na ulegevu ili lenzi iketi. Uweke dirishani. Zima injini kwa sababu mtetemo hufifiza picha, na usiwashe hita. Hewa moto ikitoka dirishani hufanya manyoya yaonekane kama yako ndani ya maji. Kwa lenzi ya milimita 400, anza na kasi ya shata (muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia) ya 1/1000 ya sekunde.

Maji yawe kwenye chupa ya chuma. Plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa mbugani tangu Juni 5, 2020.

Ukiona kundi zima limesimamisha masikio na kukazia macho upande mmoja, geuza darubini uelekeze huko. Subiri hata dakika 20. Simba akilala kwenye nyasi za Juni, huonekana ncha za masikio tu.