Marejea na Bangi Mwitu Dhidi ya Minyoo Fundo ya Nyanya

Mkulima wa nyanya anayeona mimea ikinyauka mchana ilhali udongo una unyevu asikimbilie dawa ya ukungu kabla hajatazama mizizi. Auchimbue mmea kwa jembe, kwa kuwa ukivutwa kwa mkono mizizi iliyodhoofika hukatikia ardhini, kisha aioshe taratibu. Minyoo fundo, yaani minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoishi mizizini, huuvimbisha mzizi wenyewe, na uvimbe huo haubanduki. Vinundu vya maharage, ambavyo vina manufaa, hukaa ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole na ndani huwa vyekundu.

Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na katika udongo wenye joto kizazi kipya hupatikana kwa takriban mwezi 1, ndiyo maana shamba linalorudiwa nyanya, bamia au biringanya huharibika haraka.

Marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao watawa Wabenediktini wa Peramiho mkoani Ruvuma waliuhimiza kama mbolea ya kijani (mmea unaofukiwa ungali mbichi ili kurutubisha udongo), huwaingiza minyoo wachanga mizizini lakini wengi wao hushindwa kukomaa na kutaga. Bangi mwitu (mmea wenye harufu kali, si bangi ya kuvutwa) na ndugu yake wa bustanini, marigoldi, hutoa sumu inayofanya kazi zaidi ndani ya mzizi ulio hai. Kwa sababu hiyo, maua machache yaliyopandwa pembezoni mwa tuta hayaikingi nyanya, ingawa ushauri huo umeenea mno. Mimea hii inapaswa kufunika eneo lote, kwa kubanana, kwa miezi 2 hadi 3 kabla ya kupanda nyanya. Palizi katika kipindi hicho ni ya lazima, kwa maana mnavu ukiachwa katikati yake utaendelea kuwalisha minyoo.

Marejea ikatwe inapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa gumu, ifukiwe na kuachwa wiki 3 ioze. Bangi mwitu nayo ing'olewe kabla ya kukomaza mbegu, la sivyo itageuka gugu sugu.

Njia hii hupunguza minyoo, haiwamalizi. Kabla ya kurudisha nyanya, mkulima achukue udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, aupandie miche michache ya nyanya kwenye makopo, na baada ya wiki 6 aoshe mizizi yake. Ikiwa na mafundo mengi, eneo hilo lipandwe tena marejea.