Santuri za Krismasi za matangazo: jinsi ya kukusanya zile ambazo muimbaji hajatajwa

Miaka ya 60 huko Marekani mtu alikuwa anaenda kununua tairi anatoka na santuri ya Krismasi. Goodyear walianza 1961, santuri wanatengenezewa na kampuni ya muziki ya Columbia, bei dola 1 tu, na Firestone wakafuata 1962. Hizo zina mastaa kwenye kava, zipo tele, anza nazo ukitaka. Mi naongelea zile nyingine ambazo kava limejaa nembo ya kampuni iliyotoa zawadi kwa wateja, afu ukigeuza nyuma unakuta tu "kwaya na okestra" basi, hamna jina hata moja.

Hawa walikuwa waimbaji wa studio, wanakuja wanaimba wanalipwa ya siku hiyo wanaondoka, na rekodi inabaki ya mwenye studio, ndo maana rekodi ileile unaikuta imeuzwa tena na tena kwa makava tofauti na majina ya kwaya yaliyobuniwa. Na kuwa makini na zile zenye jina moja kubwa kwenye kava, mara nyingi staa ana nyimbo mbili tu, zilizobaki zote ni hao wasiotajwa.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na kava, itoe santuri uiinamishe kwenye mwanga, tochi ya simu inatosha, uangalie ile sehemu tupu kati ya mwisho wa mistari na lebo. Pale kuna namba zimechorwa kwa mkono au kugongwa, ni ndogo na hafifu so zungusha taratibu. Ziandike ZOTE, pande zote mbili, hata kama huelewi. Kwa zilizotengenezwa na RCA, kampuni nyingine ya santuri, herufi ya kwanza ya hiyo namba inakupa mwaka, L ni 1960, M ni 1961, N ni 1962. Afu tafuta hiyo namba Discogs, ile tovuti yenye orodha ya santuri, usitafute jina la santuri manake majina yanafanana mno.

Namba isipotoa kitu, tumia masikio. Nina santuri mbili, kava moja kengele nyingine theluji, kwaya zimepewa majina tofauti kabisa, lakini wimbo wa tatu kuna mama wa sauti ya chini anaingia mapema kidogo kabla ya wenzake halafu anajizuia, na kwenye zote mbili yupo, palepale, na pumzi yake inasikika. Nilirudia kama mara kumi. Ni rekodi moja! Huyo mama jina lake silijui ila sauti yake naitambua popote, na hicho ndo kinanifanya niendelee kutafuta.

Utunzaji: zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine zitapinda. Za zamani za spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika) usiziguse kabisa na spiriti, ile shelaki, yaani utomvu mgumu zilizotengenezewa, inayeyuka, nilishuhudia muuzaji mmoja akiharibu ya kwake mbele yangu, inaumiza. Zile nyembamba za plastiki zinazokunjika, zilizokuwa zinakuja ndani ya magazeti au kwa posta, weka juu ya santuri ya kawaida ndo upige, na ikiteleza weka sarafu ndogo karibu na lebo. Kava lenye jina la tawi au salamu za meneja zilizochapwa usilitupe hata kama limechanika, hiyo salamu ndo inakuambia ilitolewa wapi na kwa nani.

Mwisho, ukidhani umemtambua muimbaji, usiandike jina lake kwenye kava wala kulitangaza kama uhakika. Chukua karatasi, andika kwa penseli namba, wimbo gani, dakika ya ngapi umesikia nini, itie ndani ya kava pamoja na santuri, atakayeipata baada yako aendelee hapo.