Kufunika Udongo Mkavu kwa Karanga ya Kutambaa

Viwanja vingi vya nyumba nchini Uganda hupandwa nyasi za paspalamu, ambazo hupendeza wakati wa mvua lakini hugeuka rangi ya kahawia kiangazi kikiingia, hasa kwenye miinuko yenye udongo mwekundu wa maram unaopigwa na jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Mahali pa namna hiyo panafaa zaidi karanga ya kutambaa, yaani Arachis pintoi, mmea wa kudumu wenye maua madogo ya manjano ambao hausimami juu sana na hauhitaji kufyekwa kila wiki. Ni jamaa ya karanga tunayokula, na asili yake ni Brazili, ambako ilikusanywa na Geraldo Pinto mwaka 1954. Jina lake la kitaalamu linatokana naye.

Mmea huu hustahimili udongo wenye tindikali na usio na rutuba nyingi, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani. Shina lake hulala chini na kutoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa ardhi, kwa hiyo hushika udongo wa mteremko ambao vinginevyo ungesombwa na mvua kubwa za Aprili. Maua yakishachavuliwa, mbegu huzikwa ardhini kama zile za karanga ya kawaida, na hizo ni akiba inayochipua upya hata pale ambapo ukame umeua sehemu ya mashina.

Kazi inayoamua kila kitu hufanyika kabla ya kupanda. Karanga hii huanza polepole, na magugu yenye mizizi ya chini kwa chini, hasa lumbugu na ndago, huipita mbio na kuisonga kabla haijafunika ardhi. Lima kwa jembe la meno, okota kila kipande cha mzizi wa lumbugu, kisha acha ardhi wiki mbili au tatu ili yaliyobaki yachipue, nawe uyang'oe tena. Anayeruka hatua hii atapalilia mwaka mzima, tena kwa mikono, kwa sababu jembe haliwezi kupita katikati ya mashina yaliyofumana.

Panda mvua zinapoanza, yaani Machi au Septemba kwa maeneo ya kati na kusini. Kata vipandikizi vya urefu wa sentimita 20 hivi kutoka kwenye mmea uliokomaa, kila kimoja kiwe na vifundo vinne au vitano, na uvipande siku hiyo hiyo kabla havijanyauka. Fukia zaidi ya nusu ya kila kipandikizi kwa kukilaza kidogo, uache sentimita 25 hadi 30 kati ya kimoja na kingine. Ikiwezekana, chukua pia udongo kidogo kutoka kwenye kitalu cha karanga hiyo hiyo na kuuchanganya katika mashimo, ili bakteria wanaofaa wafike pamoja na mmea. Matandazo mepesi ya maganda ya kahawa au majani makavu ya migomba huzuia udongo kukauka upesi. Mvua ikikatika ndani ya wiki mbili za kwanza, mwagilia jioni kila baada ya siku moja.

Baada ya miezi minne hadi sita ardhi hufunikwa, na maji huwa suala la hiari. Katika kiangazi cha kawaida cha miezi miwili au mitatu mmea hupoteza baadhi ya majani lakini hubaki hai; anayetaka ubaki wa kijani aumwagilie maji mengi mara moja kwa wiki mbili, badala ya kuunyunyizia kidogo kila siku, kwa kuwa maji ya juu juu huifunza mizizi kukaa juu. Kwa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako ukame huwa mrefu zaidi, singeshauri kuupanda mbali na chanzo cha maji.

Majani yakionyesha madoa madogo mepesi na utando mwembamba upande wa chini wakati wa ukame, hao ni utitiri mwekundu, na kuwaosha kwa maji yenye nguvu mara kadhaa hupunguza idadi yao. Mbuzi, ng'ombe na sungura huupenda sana mmea huu, hivyo kiwanja kisicho na uzio hakitaufikisha mbali. Kuku nao huparua vipandikizi vichanga.

Usiupande ndani ya tuta la mboga, maana utaufunika mchicha mchanga bila huruma. Chini ya miti ya matunda unafaa, ila acha duara tupu la nusu mita kuzunguka mche ambao bado ni mdogo, usije ukagombania maji nao. Punguza kingo kwa panga kila mmea unapovuka njia, na vipande vinavyokatwa wakati wa mvua upande penye pengo au uwape sungura.