DJ mpya: programu ya kuchanganyia muziki, uanze na ipi?

Swali ninaloulizwa sana ni "Mkuu, Serato au VirtualDJ?" Nami huuliza kwanza: mezani una nini? Programu inafuata vifaa ulivyonavyo, haimfuati DJ unayemhusudu.

Hatua ya 1. Una laptopu tu? Pakua Mixxx. Ni ya bure moja kwa moja, iwe Windows, Mac au Linux. VirtualDJ nayo haina malipo ukiwa unajifunza nyumbani. Ukianza kulipwa kazi, lipia leseni.

Hatua ya 2. Una kontrola, ile meza ndogo ya vitufe na magurudumu ya kuendeshea programu? Soma kwenye boksi inakubali programu gani. DDJ-FLX4, kwa mfano, inakwenda na rekordbox na Serato pia. Kama unalenga klabu zenye CDJ (mashine za kupigia muziki zinazosoma flashi), shika rekordbox: nyimbo unazipanga nyumbani, unazihamishia kwenye flashi, kule unachomeka tu.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi wanapokwama: hedifoni. DJ anahitaji njia mbili za sauti, moja iende kwenye spika, nyingine masikioni mwake asikilize wimbo unaofuata. Laptopu kwa kawaida ina tundu moja. Kontrola nyingi zina kadi ya sauti ndani yake; kama huna, tafuta kadi ya nje ya USB, kisha kwenye mipangilio ya sauti elekeza spika huku na hedifoni kule. Hedifoni za bluetooth achana nazo, sauti inachelewa na mapigo hayatakaa.

Hatua ya 4. Jaribu nyimbo unazopiga wewe. Singeli inavuka mapigo 200 kwa dakika, na programu huweza kuisoma nusu yake. Usishangae, kuna kitufe cha kuzidisha mara mbili.

Halafu programu zilizochakachuliwa, zisizo na leseni halali. Niliwahi kuitumia moja harusini. Bibi harusi yuko mlangoni, kioo kikaleta ujumbe wa leseni, ukumbi kimya. MC akaanzisha vigelegele, la sivyo ningetafuta mlango wa nyuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4, sauti inakatakata.
– Ongeza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huandaa kabla ya kuipiga) kwenye mipangilio ya sauti, kidogo kidogo mpaka itulie. Funga kivinjari, zima Wi-Fi. Na chaja iwe imechomekwa. Laptopu nyingi zikibaki na betri hupunguza kasi.

Naweza kuanzia kwenye simu?
– Unaweza, djay ipo ya Android na iPhone. Ila shida ya hedifoni iko palepale. Utahitaji waya wa kugawa sauti, upande mmoja spika, mwingine masikioni, na vyote vitatoka mono, yaani bila tofauti ya kushoto na kulia.

Kaka, mimi napiga taarab na zilipendwa kwenye kitchen party. Nikibonyeza sink ili nyimbo mbili ziende kasi moja, zinagongana. Programu mbovu?
– Programu nzima, dada yangu. Zile nyingi zilirekodiwa bendi ikipiga pamoja. Mpiga ngoma anakwenda na mwimbaji, kasi inapanda na kushuka. Gridi ya programu, ile mistari inayowekwa kwenye kila pigo, inadhani mapigo hayabadiliki. Zima sink, usilazimishe nyimbo mbili zitembee pamoja. Subiri wimbo umalizie beti, ingiza unaofuata kwenye pigo la kwanza, shusha ule wa zamani. Kina mama wakishatambua utangulizi, hakuna atakayeuliza mapigo.